Farasi Isiyocheua

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa pili
Maziwa imefika kutoka kule juu mulimani. Nimeionja. Inanuka moshi, kwa hiyo muchungaji alisinzia karibu na moto tena. Nimemutukana ndani ya roho, juu ya vile yeye iko kule na mimi niko hapa chini. Siku ya kumi na tano sijaona ngombe zangu. Goti ya kuume imekataa. Imevimba sawa kiazi ya mbegu.

Faustin, mutoto wangu wa kwanza, amepita na viatu vipya. Anataka tugawanye ngombe. Fungu yake atauzisha, anunue shimo ya madini ya coltan kule Rubaya. Akiuzisha yeye, ndugu zake watauzisha pia. Mwaka moja tu, na kraal ya ngombe itaota majani.

Kwetu iko vile: mwenye ngombe njo yule anayezifikia. Akibebwa na watu, ao akibaki chini, anatoa fimbo yake ya mwenye ngombe, watoto wanagawanya. Mimi mwenyewe nilimufanyia baba yangu vile. Nilimuacha kwa mulango na kikombe mukononi. Sikusikia vibaya hata kidogo. Sasa nasikia.

Mukutano ya jamaa itakuwa kule juu, siku ya Mungu tarehe 5 mwezi wa tatu. Faustin amesema, «Papa, ukifika, tunanyamaza. Usipofika, fimbo.» Mama Eseri, bibi yangu wa ndoa, alicheka akitazama ndani ya chungu. Miaka makumi ine ananipikia, na bado anacheka upande wa adui.

Lakini hawakusema nifike kwa miguu ya nani.

Alhamisi, tarehe 9
Nimeenda na pikipiki mpaka kwa ile ferme kubwa ya zamani ya ngombe. Mwenyewe alikimbilia Goma. Zamani ilikuwa na farasi kumi na kitu, wachungaji walizipanda kuzungusha ngombe. Wenye bunduki walikula zingine. Imebaki moja. Dume iliyohasiwa, ya rangi ya majivu, macho yake sawa ya mujane.

Anayeichunga ni Zabuloni. Muntu mufupi, suruali yake imefungwa na kamba. Aliizalisha kwa mikono yake, anasema. Mwenye ferme ametuma maneno: muntu mwenye majani anaweza kuichukua. Mpaka Pasaka ikiwa hai na nono, inakuwa yake. Ikikonda, inarudi.

Zabuloni akaniuliza kama nilishapanda farasi. Nikasema mara mingi. Akaniuliza zipi. Nikasema zilikufa zote. Hakucheka. Muntu bila ngombe hana kicheko.

Siku ya Mungu, tarehe 12
Imefika. Zabuloni aliileta kwa kamba, saa ile watu wanatoka kanisani. Hakuna aliyebaki kusalimia pasteur. Nimeipa jina Ministre, sawa waziri. Anakula, hatoi maziwa, na kila muntu anamupisha njia.

Nimepanda juu ya kiti. Kiti imeanguka. Nimepanda juu ya ukuta. Ministre amesogea hatua moja, moja tu, na mimi nimeingia ndani ya maharagi ya Mama Eseri. Wamama wa kwaya wamelia kwa kucheka. Faustin akasema kwa sauti ya kila muntu kusikia: «Papa, ngombe ziko kule juu, si chini ya maharagi.»

Nimemujibu kwamba mama yake pia nilimupata chini ya maharagi. Pasteur akaondoka.

Mara ya tano nimebaki juu. Zabuloni alishika kamba. Tumezunguka nyumba. Makalio inawaka moto. Nimefurahi sana, sijui kuandika ngapi.

Ijumaa, tarehe 17
Nimefika.

Nilipita mutoni, nikapita mashamba ya viazi, nikapita ile fasi ya mawe ambapo goti ilinishinda. Nikafika juu. Ngombe zilikimbia kwanza, zilifikiri ni shetani. Kisha Bihogo, ile nyekundu, mama ya karibu zote, akanisikia sauti. Akakuja. Akalamba kiatu yangu. Sikushuka, niliogopa kushindwa kupanda tena. Nimelia juu ya farasi. Muchungaji aliangalia mawingu. Muntu wa adabu. Sitamutukana tena juu ya moshi.

Kurudi, nimemukuta Faustin kwa barabara na watu wa Rubaya, wale wanunuzi wa ngombe. Nikamuambia, «Shika kamba, mwanangu, nishuke.» Akashika. Mbele yao. Sikushuka. Nikamuacha ashike. Nikaongea juu ya mvua, juu ya bei ya chumvi, juu ya meno yangu. Alisikia haya mpaka masikio. Nikamuongezea maneno ya mvua tena.

Ilikuwa vibaya. Nitafanya tena.

Jumanne, tarehe 21
Shida. Ministre hacheui.

Nimekaa kwenye kiti tangu maziwa ya asubui mpaka ngurumo ya mchana. Nimeangalia mudomo yake. Anakula, anameza, anasimama. Harudishi kitu. Ngombe ikishiba inalala, inarudisha majani, inatafuna, macho imefunga. Njo unajua iko muzima. Mnyama asiyecheua ameshaanza kufa, kila mutoto wa ngombe anajua. Majirani walikuja kuangalia. Wote wametikisa kichwa. Tukakubaliana, na sisi hatukubalianagi hata juu ya Mungu.

Dawa tunaijua. Nimefunga ngombe ya jirani, nimeingiza mukono ndani ya mudomo, nimetoa ile anacheua, ya moto, ya kijani. Nimefungua mudomo ya Ministre na kuisukuma ndani mpaka koo.

Akauma. Kidole cha kati, mukono ya kushoto. Kipande ya kucha mpaka kiungo cha kwanza. Hakikupatikana. Nafikiri alikimeza. Hicho pia hakucheua.

Jumatano, tarehe 22
Mama Eseri alipigia Zabuloni simu bila kuniuliza. Amekuja kwa miguu, saa tatu za njia. Ameona kidole, ameona mudomo ya farasi, ameketi chini.

«Papa Silasi, hii haicheui. Hata baba yake hakucheua. Tumbo yake haiko ya ngombe. Mupe majani na mayi, basi. Machicha ya pombe, hapana. Nafaka ya mayi, hapana. Tumbo ikimuuma, mutembeze polepole na uniite. Usifanye kitu ingine. Uniite.»

Nilimuuliza yeye iko na ngombe ngapi. Akasema hana. Nikamuuliza mbuzi. Akasema hana. Nikamuuliza kuku. Majirani wakapasuka kwa kicheko. Akasimama, akamupapasa Ministre shingo, akamuambia kitu ndani ya sikio, akaenda. Chakula ya Mama Eseri hakukula.

Bibi yangu hajaongea na mimi mpaka sasa. Sawa. Nyumba imetulia.

Alhamisi, tarehe 2 mwezi wa tatu
Nimepanda juu mara sita. Goti inashukuru. Lakini mbavu za Ministre zinaonekana, ao mimi njo ninaziona. Jamaa yote itakuja siku ya Mungu. Wajomba wa Walikale pia wako njiani, wale wa musitu, hawajui ngombe lakini wanajua kusema. Sitaki niingie kule juu na mufupa. Nataka kila muntu aone mnyama inangaa, na tumbo. Kwetu muntu anajulikana na tumbo ya mnyama yake.

Jumamosi, tarehe 4
Mama Eseri amekamua pombe ya wageni. Machicha imebaki, ya moto bado, tamu. Ngombe ya maziwa ukiipa, kesho ngozi yake inangaa sawa imepakwa mafuta.

«Yule muntu wa farasi alisema hapana,» Mama Eseri akasema. Maneno yake ya kwanza tangu siku kumi.

Nikamuambia muntu gani.

Beseni mbili nimemumwagia. Alikula yote. Alilamba beseni. Nikamuletea ya tatu. Nilimupiga brosi mpaka mukono ikachoka. Kesho Faustin atashika kamba tena, mbele ya jamaa nzima, na safari hii nitahadisia juu ya mvua ya mwaka nilizaliwa.

Siku ya Mungu, tarehe 5
Naandika juu sitaki kuongea.

Asubui nilimukuta amelala, anajibiringisha. Jasho. Anaangalia tumbo yake, anapiga chini na mguu, analala tena. Tumbo ilikuwa ngoma. Nikapiga na kidole, ikalia. Hii najua. Hii nimeponya mara mia. Ngombe ikivimba, unapima kiganja moja nyuma ya ubavu ya mwisho, upande wa kushoto, unaingiza kisu, upepo inatoka, inasimama, inakula.

Faustin alifika na suti ya kanisa. Akaona. Akatoa simu. «Papa, tumuite Zabuloni. Tumutembeze kwanza. Nitamutembeza mimi.» Yeye. Na suti. Alikuwa ameshashika kamba.

Nilifikiri: saa tatu za njia. Mukutano iko saa ine. Nilifikiri pia: yule mufupi atanikuta tena nimekosea. Njo hiyo nilifikiri zaidi. Naandika ukweli hapa juu hakuna fasi ingine ya kuiandika.

Nikasema, «Acha. Wewe unajua mashimo. Mimi najua tumbo.»

Nilipima kiganja. Niliingiza kisu mpaka kwa mupini. Upepo haikutoka. Ilitoka mayi ya kijani, kisha damu. Ministre akalia, sikujua farasi inaweza kulia vile, sawa mulango ya chuma. Akasimama, akaanguka juu ya ukuta. Nikafikiri sikuingiza fasi yenyewe. Nikaingiza tena. Mara ya pili Faustin alinishika mukono, nikamusukuma.

Ministre alichukua asubui yote kufa. Jamaa walisimama pale na nguo za kanisa. Hakuna aliyecheka. Ningelipenda wacheke.

Baadaye Faustin akaleta watu wane na tipoyi, ile ya kubebea wagonjwa. Aliweka blanketi ndani. Hakunitania. Akasema tu, «Ingia, Papa. Ukutane na watu.» Alijua. Nikiingia mule, nimetoa fimbo. Nikikataa, nimetoa fimbo.

Nilienda kwa miguu. Nilifika mutoni. Sikuvuka. Nilikaa juu ya jiwe na damu ya Ministre kwa mikono, na jamaa yangu wakapita mbele yangu moja moja. Wajomba wa Walikale walitoa kofia. Wamama walinisalimia sawa vile wanasalimia mutoto mugonjwa. Faustin alikuwa wa mwisho. Alinyoosha mukono.

Nikamupa fimbo. Sikumuangalia.

Jumatatu, tarehe 6
Faustin alitaka tuzike. Mimi nilisema nyama ni nyama. Wabebaji walipakia vipande asubui, wapeleke Rubaya. Wachimbaji watakula wakisema ni ngombe. Nilicheka niliposema vile. Mama Eseri aliniangalia, nikaacha.

Zabuloni alikuja. Nani alimuita, sijui. Alisimama pale majani imelala na damu imekauka. Nilijitayarisha kwa matusi, nilikuwa na majibu mazuri tayari. Hakunitukana. Aliuliza kama Ministre alilia sana.

Nikamuambia hapana. Ni uongo mubaya kushinda zote nimesema, na nimesema mingi.

Aliomba kamba tu. Akaikunja, akaiweka ndani ya shati, juu ya ngozi. Akalia mbele ya majirani walewale. Muntu bila kuku moja.

Nilimuua mimi. Si machicha, si tumbo. Ni mimi, juu sikutaka kuitwa mujinga na muntu mufupi.

Jumatano, tarehe 8
Hakuna kitu.

Siku ya Mungu, tarehe 12
Sikuenda kanisani. Mama Eseri alienda, akaniachia viazi ndani ya sahani, akaifunika na sahani ingine.

Wanunuzi walikuja asubui na kushusha ngombe za Faustin. Zilipita kwa barabara mbele ya nyumba. Nilizisikia kwanza kule kwenye mukunjo ya njia, kisha vumbi ikaingia kwa dirisha. Ningeliweza kutoka. Mulango iko hatua tatu.

Nilibaki kwenye kitanda. Nikahesabu kwato kwa masikio, nikajua ile inachechemea, nikajua mama na mutoto yake. Bihogo alikuwa kati yao. Yeye anatembea pole, akisimama kila fasi. Alisimama hapo nje. Aliita mara moja. Muntu alimupiga, akaendelea.

Kisha njia ikanyamaza. Nimekula viazi. Ilikuwa bado ya moto.