Anayekula Senene Gisenyi

Nengo, Gisenyi
Februari 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kabla ya lolote, maana hasira ya mtoto haifuti shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Baridi ya asubuhi imepungua huko Karagwe? Na migomba ya nyuma ya nyumba, imepona au bado inanyauka? Sisi huku tu wazima. Watoto wanakwenda shule, Grâce ameota jino la mbele na anacheka ovyo ili tulione. Wenzangu wakiandika barua husema wao hawajambo, hofu ni kwako. Mimi leo hofu ni yangu, na wewe ndiye uliyenitia.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa mke wa katekista. Niliisoma nimesimama pale mpakani, Petite Barrière, watu wakinipita na magunia yao ya maharage. Umeniandikia kwamba nimemuuza ndugu yangu kwa watu wa redio, na kwamba damu ni nzito kuliko maji. Hukuniuliza hata "ilikuwaje?" Mama, imeniuma sana. Deo amewahi kukupelekea habari, na aliyewahi kulalamika ndiye aliyepewa haki. Basi nisikilize na mimi, nami nimetoka tumbo hilo hilo.

Unajua Deo alipata kazi ya kupakia na kupakua mizigo kwenye uwanja wa ndege. Uwanja upi siandiki, barua hupita mikono mingi. Siku alipoajiriwa nilichinja jogoo. Haukupita muda minong'ono ikaanza: abiria anashuka, anapewa sanduku lake, analiona jepesi kuliko alivyolipanga. Viatu vimetoka, manukato yametoka, na kufuli limefungwa kama halijaguswa. Wanawake ninaouza nao vitambaa mpakani walinitupia maneno. "Mama Grâce, ule ndugu yako anavaaka muzuri siku hizi, eh?" Mmoja wao tulinuniana kabisa kwa sababu hiyo. Nilimwambia Deo amelelewa na mama anayerudisha hata sindano aliyoiokota njiani.

Kisha Shangazi akaja, mwaka jana. Barabara ya Ruhengeri ilikuwa haipitiki kwa vita, ndiyo maana akapanda ile ndege ndogo. Ulimpa begi aniletee: vitenge vyako, na picha ya Baba, ile pekee, aliyopigwa Bukoba amevaa koti la kuazima. Uliituma ili wanangu wamjue babu yao. Begi halikufika. Shangazi alilia hapa sebuleni mpaka akalala na njaa. Nani alimbembeleza? Deo. Nani alinisindikiza kutoka ofisi hadi ofisi, akipiga meza na kuwafokea wakubwa zake? Deo huyo huyo. Alisema, "Dada, nikimjua aliyefanya hivi nitamvunja mkono." Nilimpikia ndizi siku ile, kwa shukrani.

Sasa nikueleze huyo mtu wa redio. Anaitwa Faustin, ana kipindi cha Kiswahili. Kiswahili chake ni cha Goma, na wakubwa wake wanataka cha Tanzania, kwa hiyo huniletea karatasi zake nizisahihishe huku nakunja vitambaa. Nafuta "mutu" naandika "mtu", naye ananilipa kwa sabuni na porojo. Siku moja akaja na jambo zito. Malalamiko ya abiria yamezidi, na uwanjani kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Anataka kutega sanduku: lionekane la mama mfanyabiashara anayetoka Tanzania, lipite mikononi mwa wapakiaji, kisha tuone litakavyorudi.

"Unisaidie kupanga ile valise, Mama Grâce. Mi sijui bamama ba Tanzania banabebaka nini mu safari."

Tukalipanga. Kanga, viatu vipya vya kike, redio ndogo, na kopo la zile senene ulizonitumia Krismasi. Faustin alichungulia kopo, akaona wale panzi wa kukaanga, akaruka nyuma. "Badudu?" Nilicheka. Nikamwambia hizo ndizo zitakazolifanya sanduku liaminike, na isitoshe hakuna mwizi wa Gisenyi atakayezigusa. Unajua, Mama, Wanyarwanda tunavyozitemea mate. Hata wewe, miaka yote hiyo huko Karagwe, ulitukaangia umegeuza uso, sisi tuliokulia huko tukigombania zile za chini ya kikaango.

Hapa ndipo uliponishika: nilijua kuna mtego na sikumwambia Deo. Kweli, sikumwambia. Lakini sababu yake hukuipata. Sikumwambia kwa kuwa nilimwamini. Nilitaka mwizi aonekane, wanawake wa mpakani wanyamaze, na Deo atembee kichwa juu. Anayemwonya mtu kuhusu mtego ameshamwita mwizi moyoni. Mimi sikumwita.

Sanduku lilirudi, Faustin akalifungua juu ya meza yangu. Kanga zipo. Viatu vipo. Redio imekwenda. Na kopo la senene limefunikwa vizuri, tupu, limebaki chumvi na vimiguu.

Faustin alicheka akashika mbavu. "Mungu wangu! Nani anakulaka hii mu Gisenyi yote?"

Mimi sikucheka. Nilikaa juu ya mzigo wa vitambaa. Katika mji huu najua watu wawili tu wanaokula senene, na mmoja ni mimi. Lakini sikumtaja, Mama. Nilimwambia sijui.

Nilimkuta Deo kwake, anapiga pasi shati. Sikumzungusha.

"Senene zilikuwa tamu?"

Pasi ilisimama. Akajaribu kucheka. "Senene gani, dada?"

"Za Mama."

Akaketi kitandani. Akasema shifti nzima inafanya hivyo, asiyetaka kufungua masanduku wenzake humtafutia kosa afukuzwe. Redio alichukua mwingine. Yeye alionja tu. "Nilisikia ile harufu, dada, nikawa kama niko nyumbani. Hata sikufikiri."

Nilimhurumia, Mungu ananiona. Ningemfunika. Ningerudi kwa Faustin nimwambie ni panya. Lakini nilikuwa na swali jingine.

"Na begi la Shangazi?"

Akalivuta lile shati akaanza kulikunja.

"Deo. Begi la Shangazi."

"Sikujua ni lake. Mizigo ilikuwa mingi siku ile. Nilifungua tu, na juu ya vitenge nikamwona Mzee na lile koti lake."

"Ulimwona Baba."

"Nilishtuka, dada. Lakini wenzangu walikuwa pale. Na ningekuletea, ungeniuliza nimeipata wapi. Ningekujibu nini?"

"Picha iko wapi?"

"Niliichoma. Pamoja na takataka za uwanjani."

Mama, huyo ndiye aliyetubembeleza. Alipokuwa akipiga meza za wakubwa zake kwa ajili yetu, alikuwa ameshamchoma Baba. Mlitufundisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kikulacho nilikipikia ndizi.

Nilitoka pale moja kwa moja kwa Faustin. Nikamwambia, "Uliuliza nani anakula senene Gisenyi. Ni mimi na ndugu yangu." Nalia, lakini sijutii.

Na usidhani Faustin alinitendea haki. Aliniapia kwamba habari yangu haitatajwa. Kipindi kilipotoka nilikuwa mpakani, fundi cherehani amefungulia redio mpaka mwisho, nikamsikia akisema kwa madaha kwamba aliyemtambua mwizi ni dada yake wa tumbo moja. Sentensi hiyo hakuniletea niisahihishe. Soko zima liligeuka kunitazama. Yule mwanamke tuliyenuniana akanisogezea kigoda nikae. Faustin sijamsahihishia kitu tena, aseme "mutu" mpaka achoke.

Deo yuko mahabusu na wenzake, wanangoja kesi. Chakula nampelekea mimi, si hao waliomfundisha kufungua masanduku. Mwandikie, muombee, ni mwanao. Sikuzuii. Ila usinitajie damu tena, maana ya Baba aliishika mkononi akaiwashia moto.

Mwambie Shangazi hakulipoteza begi, aache kujilaumu. Kaka mkubwa na shemeji nawaamkia, na katekista namshukuru kwa kumruhusu mkewe kubeba barua zetu. Yule jirani mfinyanzi aliyetuchunga tukiwa wadogo, mwambie bado namkumbuka.

Nina ombi moja, na hili usinikasirikie. Grâce aliniuliza babu yake alikuwaje. Nilianza kumweleza, nikakwama kwenye macho. Nilikuwa mdogo mno alipokufa. Kaa chini uniandikie uso wake wote, paji, pua, alivyokuwa akicheka, usiache kitu. Mlikuwa mkisema Deo ndiye aliyechukua sura yake. Kila nikimpelekea chakula namtazama nimtafute Baba, naye anauinamisha uso.

Ni mimi, mwanao uliyemzaa kabla ya Deo,
Consolata