Mayai ya Jabali Jekundu

Kaka yangu Amos,

"Ndege kozi hawasumbuliwi na helikopta, wanasumbuliwa na dada yangu." Uliyasema hayo mbele ya baraza la kijiji, watu wakacheka, nami nikaja mtoni kuyakanusha. Lakini salamu kwanza. Hujambo? Goti la wifi limepona? Sisi huku kambini tu wazima. Shangazi Ruti anatafuna samaki mkavu na kukusema: eti tangu uanze kurusha helikopta ya wachimba kokoto umesahau hata kushika kasia.

Tumeshuka mto Kuukpik siku tisa sasa. Kwenye kila jabali tunafanya alivyotufundisha marehemu Baba: tunafunga boti ng'ambo, tunachemsha chai, tunatafuta kwa darubini michirizi mibichi ya kinyesi cheupe chini ya kiota. Majabali kumi na moja yana kozi. Jabali Jekundu halina, na ndilo kampuni yako inalolitaka. Pasipo kiota chenye ndege, baraza halina sababu ya kuwazuia.

Mwezi wa sita niliwaandikia wanakijiji wote kwamba kelele za helikopta yako ndizo zilizomtoa mama kozi wa Jabali Jekundu kwenye mayai. Niliandika vizuri mno. Ukaitwa muuaji dukani, mbele ya wanao.

Juzi Shangazi alipanda kuchuma majani ya chai ya porini, akarudi akaniuliza nani alilaza nyasi pale juu ya kiota kitupu cha Jabali Jekundu. Nikasema bata bukini. Akasema hajapata kuona bata bukini anayesahau kifuniko cha chupa ya chai, akaniwekea kifuniko changu mapajani.

Kaka, ni mimi. Siku ile ya theluji ya majimaji nilipanda kwa juu, jambo alilotukataza Baba tangu utotoni, nikakaa ukingoni nikisubiri nikupige picha ukipita karibu na helikopta. Hukupita. Mama kozi alizunguka akilia kwa muda wa saa mbili, nami sikuondoka, kwa kuwa nilitaka ushahidi. Mayai matatu yakapoa. Ulipita kesho yake, mbali. Nikaziandika siku hizo mbili kuwa siku moja.

Nisalimie wifi. Waambie watoto baba yao si muuaji. Shangazi atakuletea barua hii kabla ya Alhamisi. Isome yote mbele ya baraza, usiruke mstari. Halafu, kwa kinywa chako, waambie unachokijua tangu tukiwa wadogo: kozi hurudi jabali lile lile. Dai kokoto za Jabali Jekundu zisiguswe hadi kiangazi kijacho. Mimi nimejishtaki, nawe usijifiche nyuma ya kosa langu.

Mdogo wako,
Dorka Nayuk