Siku ya Mvua Hapandi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, hujulikana kama Mama Pacha. Umri: miaka 52. Kazi: mfuaji wa mashuka, hospitali. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya hospitali hiyo hiyo. Uhusiano na marehemu: dada yake, tumbo moja.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa.

Marehemu ni kaka yangu mkubwa, miaka 61, mtunza bustani wa hospitali. Kazini walimwita Mapua, kwa sababu kila ua lazima alinuse, hata yale ya plastiki pale mapokezi. Sikuwa na ndugu mwingine.

Nyuma ya chumba cha kufulia pana mti mkubwa. Kwenye tawi lililolalia paa letu kulikuwa na okidi, mmea wa maua unaoota juu ya miti, kaka aliipachika huko mwaka aliofiwa na mkewe. Watu walisema ni kirukia, inanyonya mti. Kaka alikuwa anawaka: "Hainyonyi kitu! Inashika gome tu, inaishi kwa hewa na umande." Ukiizika kwenye udongo inaoza. Jua la asubuhi inalitaka, la mchana linaiunguza. Kila siku saa moja asubuhi alipanda na chupa ya kunyunyizia, maji ya mvua tu, ya bomba hakuyataka. Lakini mvua ikinyesha usiku, asubuhi hapandi, kwani mizizi iliyolowa ukiilowesha tena inakufa. Miaka tisa hakuvunja utaratibu huo. Maua yake ni meupe, mchana hayana habari na mtu. Jua likizama ndipo yananukia. Mashuka tuliyoanika chini yake yalishika harufu ile, wagonjwa wakawa wanauliza tunafulia sabuni gani.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu ofisi ilibandika tangazo kwamba tawi lile litakatwa tarehe 12 asubuhi. Nilimwambia kaka aihamishe mapema. Akasema ina maua, na ikiwa na maua haiguswi, itasusa mwaka mzima. Nikamwambia, "Basi ife! Na goti lako hilo bovu, utaanguka uniache peke yangu." Jioni ya tarehe 11 nilichukua ngazi yake nikaifungia chumba cha kufulia, ufunguo nikautia kifuani. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, leo umenitia pingu." Hakuniambia neno jingine tena.

Usiku ule mvua ilinyesha. Tarehe 12, saa 2:10 asubuhi, mkata miti alikuja na msumeno wa mashine. Alisimama dirishani kwangu akaniuliza, "Mama, huko juu hakuna mtu? Majani yamefunga, sioni." Nilikuwa nakamua shuka, sikuinua hata kichwa. Nikamjibu, "Hakuna. Mvua imenyesha, na ngazi ninayo humu." Akauliza mara ya pili. Nikamwambia, "Baba wee, kata, watu tuna kazi."

Mashine zetu mbili zilikuwa zinazunguka na msumeno unalia. Kama kaka aliita, sikusikia. Saa 2:20 hivi tawi lilianguka uani, naye akaanguka nalo. Alikuwa amepandia kwenye mnara wa tangi la maji ulio kando ya mti, ambao mimi sikuufikiria. Nilifika wa kwanza. Alikuwa ameshakata roho. Okidi alikuwa ameifunga kifuani kwa kitambaa, mizizi yote mizima. Maua alikuwa ameyakata mwenyewe, yalikuwa kwenye mfuko wa shati.

Nimeyaweka maua hayo kwenye bilauri nyumbani. Jana jua lilipozama yakaanza kunukia. Nilishindwa kukaa humo ndani.

Mkata miti leo ni siku ya nne yuko mahabusu. Nimeambiwa ameandikisha kwamba hakuuliza mtu. Afande, hiyo si kweli. Aliuliza mara mbili. Ananisitiri, kwa sababu aliniona nilivyomlalia kaka yangu pale chini. Ana watoto wadogo yule. Sikubali anibebee mzigo wangu. Ulimi hauna mfupa, na huu ulikuwa wangu. Kama ni kufungwa, nifungwe mimi.

Andika na hili, tafadhali. Ule mmea nimeuona kwenye rafu nyuma yako, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa lakiri. Humo utaoza. Msiupande kwenye kopo la udongo, hata kwa huruma. Ufungeni kwenye ubao, mizizi nje, mahali panapopata jua la asubuhi. Kaka yangu alikufa ameukumbatia.

Niliyoyaona na niliyoyatamka kwa kinywa changu ni haya. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa na mimi tarehe 15, yamekamilika saa 4:40 asubuhi. Shahidi alilia mara moja, akaomba tuendelee. Mkata miti amehojiwa upya, amekiri kwamba aliuliza. Ameachiwa kwa dhamana saa 6:00 mchana. Jalada linapelekwa kwa mkuu wa upelelezi. Kielelezo Na. 2 (mmea) kimetolewa mfukoni, kimefungwa kwenye ubao na kutundikwa nje ya dirisha la mashariki. Askari wa zamu akinyunyizie saa moja asubuhi, maji ya mvua tu. Mvua ikinyesha usiku, asinyunyizie.