Shikamoo nyingi, kurasa chache

Alhamisi, Mungaa. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai.

Leo mwenyekiti wa kijiji alikuwa anaamua: chumba kibaki maktaba ya watoto, au kirudi kuwa stoo ya alizeti. Sharti lake moja tu, awakute watoto wanasoma.

Sharti jepesi, isipokuwa tatizo ni yeye mwenyewe.

Sijasomea kupanga maktaba. Nimejifunza kwa kutazama wengine wakikosea, na safari hii nimewapita wote. Rafu nilizishusha hadi mtoto azifikie, majalada nikayageuza yaonekane. Kisha mikeka yote nikaitandika mkabala na mlango, kwenye mwanga.

Huku kwetu mtu mzima akichungulia, watoto wanasimama. Shikamoo, marahaba, kila mmoja kwa zamu yake. Na mwenyekiti huchungulia kila apitapo. Akisahau fimbo akarudi, tunaanza upya. Juzi hakuna aliyevuka ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu, hawa mbona hawasomi? Wanasimamasimama tu."

Aliniuliza hivyo mwenyekiti, akiwa bado mlangoni.

Jana nikapindua chumba. Meza nikazisukuma karibu na dirisha la nyuma, upande wa mlangoni nikaning'iniza kanga toka ukingoni mwa meza hadi chini, mikeka na vitabu nikaviingiza mvunguni.

Leo akaingia. Kimya. Hamna mtu.

"Nilijua," akasema. "Magunia yaletwe kesho."

Mvunguni mtu akacheka.

Mwenyekiti akazunguka upande wa dirisha, akainama. Watoto wamebanana humo kama viazi kwenye kiroba. Wakajaribu kusimama, vichwa vikagonga mbao, wakakaa. Neema wa darasa la pili hakuinua hata macho.

"Shikamoo babu. Unatuzibia mwanga."

Nikajua alizeti imeshinda.

"Marahaba," akasema, akasogea. Akabaki ameinama. "Kinahusu nini?"

"Fisi amekwenda kuposa. Pita huku, babu, wewe Juma sogea."

Akapita. Mwili wote haukuenea. Miguu ilibaki nje na viatu vyake vya matairi. Nilimsikia akiuliza, "Na mahari je?" Wakamwambia anyamaze, inakuja.

Alipotoka alijikung'uta magoti. "Alizeti tutaitafutia pengine," akasema. "Hizo meza zinyanyue kidogo. Kesho nakuja na wazee wenzangu."

Chumba kimepona. Sasa najiuliza: nitamwambiaje mwenyekiti wa kijiji kwamba mvunguni kumejaa?