Sijida Ndefu za Marehemu Esha

Mikindani, Jumanne, masika ya 1973

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Pumzi ni fupi, lakini leo lazima niandike. Sidhani kama nitaimaliza masika hii.

Mjukuu wangu Rukia ana miaka kumi na saba. Aliugua homa ya matumbo msimu wa korosho, akakonda, na mwili haujamrudia. Leo mchana alikula matonge matatu ya ugali wa muhogo, akasukuma sahani. Haikupita nusu saa akatapika maji ya kijani. Kisha akaenda kwenye mkeka, akapiga magoti, akalaza kifua chini, akatulia hivyo.

Mama yake, binti yangu Somoe, akacheka.

"Baba, muone mchumba wako! Adhuhuri kaswali zamani, bado anasujudu tu. Karithi ucha Mungu wa bibi yake."

Halafu akaninong'oneza kwamba kesho anampeleka Mpapura kwa mganga, akapungwe pepo.

Nikageukia ukutani.

Esha, mke wangu, alikuwa akiinama vilevile. Akila kidogo tu tumbo linamkaba chini ya kifua, anatapika nyongo, hapati nafuu mpaka ajikunje kifudifudi. Mimi nilikuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mgawa dawa, msomi wa mtaa mzima. Nikaandika kwenye daftari: hana ugonjwa. Nikamwambia mbele ya dada zake, "Unajinyima chakula ili unitie aibu."

Hakulalamika tena. Akawa akimaliza kula anatandika msala.

Alipokufa nilimwinua kitandani peke yangu, mwepesi kama mtoto.

Msibani watu walizisifu sijida zake ndefu. Nikaitikia.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinichorea kwenye karatasi. Mtu akikonda sana, mafuta ya ndani huisha, mshipa mkubwa wa damu hulalia utumbo na kuubana, chakula kisipite. Akiinama kifua na magoti pamoja, mshipa huachia kidogo. Nikamshukuru, nikanyamaza. Somoe alikuwa amekua na sifa hizo za mama yake. Ningemnyang'anyaje?

Jioni hii nimemwita, nimemwambia yote.

"Kwa hiyo mama alikuwa na njaa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukitibu watu."

Nikavuta karatasi. Nikaandika barua kwa daktari wa hospitali: anaumwa baada ya kula, anatapika kijani, nafuu huipata akiinama, alikonda baada ya homa. Nakuomba umpige picha ya utumbo kabla hujamwambia mtoto huyu kuwa anajitia mgonjwa.

Somoe aliichukua bila kuniangalia. Nimemsikia ukumbini akimwambia Rukia afungashe khanga mbili, Mpapura hawaendi tena, asubuhi ni hospitali.

Hajaja kunifunika shuka kama kawaida yake. Asije. Ya Rabi, huyu mmoja tu, ale ashibe.