Viatu vya Kikapu Chekundu

Dada yangu mpenzi,

Basi pale nilipokatizwa kwenye ile barua ya juzi, muuza maji alipogonga mlango nikafunga bahasha bila hata kutia jina, nilikuwa ndiyo kwanza naanza kukuambia habari za binti yako kiwandani. Lakini ngoja kwanza nisikuvamie kama polisi. Goti linaendeleaje? Kifua je? Na yule kuku wako mkorofi bado anatagia kitandani? Sisi huku wazima. Mimi nazidi kunenepa, shemeji yako anazidi kulalamika eti naongea hata usingizini. Nimemwambia ashukuru, wenzake wanakoromewa.

Haya, kiwanda. Wewe unadhani raba inazaliwa dukani, kumbe ina safari yake. Mpira unakuja kwa malori, marobota meusi yananata kama ubishi wa mume wangu. Unapikwa, unabanwa kwenye kalibu, inatoka soli. Ile nguo ya juu nayo inakuja kwa majora, nyuzi zake eti zimetokana na mafuta ya petroli. Usiniulize kivipi, niliuliza nikaambiwa nipake gundi. Maana kazi yangu ndiyo hiyo. Nina brashi na kopo, soli zinapita mbele yangu, napaka ukingoni, mwenzangu anabandika, mashine inakandamiza. Kutwa nzima, tena kwa kusimama.

Mwisho wa mstari anakaa mkaguzi, sisi tunamwita Miwani. Miwani akiona tone la gundi limechuruzika, au uzi umechomoza, kiatu kinaingia kikapu chekundu. Na meza ya kikapu chekundu ndiko nilikomtafutia kazi binti yako, ambaye pale wote wanamwita Sindano kwa wembamba wake. Anashika kisu, anachana kiatu kipya kabisa toka kwenye ulimi mpaka vidoleni, ili asiwepo wa kukivaa wala kukiuza. Kisha kinasagwa, kinakuwa chenga, chenga zinamwagwa kwenye viwanja vya riadha, watu wakimbie juu yake wamevaa raba nyingine. Mimi nilicheka siku niliyoambiwa. Sindano hakucheka. Alikuwa akirudi jioni ananiambia mkono unamsuta, kiatu kizima, kosa lake doa tu. Ila alivumilia, maana msimamizi alishamwahidi kumhamishia kwenye cherehani, na wewe unamjua huyo mtoto na cherehani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuinuka nikachemshe chai nisiendelee. Uliniuliza kwa nini anarudi nyumbani, nikakujibu kazi imepungua. Dada, kazi haikupungua. Amefukuzwa. Wamesema ameiba viatu vya kusagwa akavishona upya. Na kiwanda cha jirani alikokwenda kuomba, habari zilishamtangulia, hawakumfungulia hata geti.

Ni kweli alivitoa, jozi moja. Aliyemwomba ni mimi.

Nilimlilia vidole, nikamlilia visigino, nikamwambia mama yako mdogo nasimama kutwa na ndala za plastiki huku raba zinanipita puani. Akakataa. Nikamrudia, akakataa tena. Nikanuna, namwekea chakula mezani bila neno, na unajua mimi kunyamaza ni adhabu kubwa kwa nyumba nzima. Mwisho akachana jozi moja kwenye mshono tu badala ya katikati, akaitoa imeviringishwa ndani ya nguo zake za kazi, akaishona kwa mkono. Dada, hata mimi sikuona palipochanwa. Lile doa lililoiponza nililitambua, lilikuwa gundi yangu mwenyewe.

Aliniambia nivae ndani tu. Jumamosi nikazivaa kwenda kwa msusi. Msusi akazisifu. Mtu mwenye akili angesema asante akainamisha kichwa asukwe. Mimi nikavua kimoja kikapita mikono yote, nikawaonyesha mshono, nikamtaja aliyeushona, na kikapu chekundu nikakieleza. Wifi wa msimamizi wetu alikuwa amekaa chini ya kikaushio, nikadhani hasikii.

Jumatatu tukaitwa ofisini. Sindano aliingia kwanza. Baadaye karani alinisimulia kwamba aliulizwa alimshonea nani, akasema ni tamaa yake mwenyewe, basi. Hakunitaja. Nami nilipoingia, msimamizi akaniuliza kama nilijua vilikotoka. Dada, mimi ninayejua nani kaachwa na nani kaposwa mtaa mzima, nikasema sijui. Nikasema nilidhani mtoto kanunua, na yale ya kwa msusi nilikuwa najisifu tu. Akaniamini, maana hakuna asiyejua ninavyotia chumvi. Tena nikaongeza, wala sikuulizwa, kwamba vijana wa siku hizi wana mambo yao. Nikarudi kwenye kopo langu la gundi, na mpaka leo nipo pale.

Jioni alinisubiri nje ya geti. Akanishika mkono akasema, "Nisamehe, mama mdogo, nimekuletea aibu."

Nikamjibu yameisha. Yaani nikampa msamaha, mimi.

Tangu siku hiyo nafungua mdomo nimwambie, inatoka habari ya bei ya sabuni. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Barua anaileta yeye. Kwa vile macho yako yameingia ukungu, umpe yule mwalimu jirani yako akusomee, muwe wawili tu, halafu umwambie mtoto wewe, kwa namna yako. Ukinichukia nitajua nimestahili. Nisalimie shemeji, nisalimie na wote wa hapo uani, waambie mimi

Ngoja, Sindano ananiita. Begi lipo mlangoni, dereva anapiga honi. Nimemwambia barua hii aipeleke kwa mwalimu, anacheka, anasema mwalimu wa nini, atakusomea mwenyewe leo leo kabla hata hajavua viatu. Amenyoosha mkono anaisubiri, na nafasi ya kuandika nyingine sina.

Basi, Sindano, mwanangu, ni wewe unayesoma. Nakujua. Kama kuna mahali umeruka ili kunisitiri, rudi nyuma umsomee mama yako kwa sauti, neno kwa neno.

Mimi, mama yako mdogo