Chumvi Kwenye Kikopo cha Ugoro

Mjukuu wangu Kija,

Marahaba. Hapa Rwamgasa hatujambo, bibi yako yuko shambani anapalilia karanga. Umeuliza niliachaje sigara, maana na wewe zinakushinda.

Tangu siku niliyoacha, kila asubuhi kabla sijaenda machimboni, bibi yako alikuwa akiniuliza, "Leo tena huvuti, Baba Masanja?" Nami najibu, "Leo tena." Wachimbaji wenzangu wakanisifu, nikavimba kichwa.

Siku moja nikitafuta chumvi ya kulia muhogo, nikaikuta kwenye kikopo cha ugoro cha bibi yako.

"Ugoro uko wapi?" nikamuuliza.

"Niliacha siku uliyoacha wewe. Ningeunusaje mbele yako?"

Hata asubuhi moja sikuwahi kumuuliza yeye. Mpaka leo naona aibu.

Tafuta wa kuacha naye, Kija. Na wewe umuulize.

Babu yako